Kreta ya Kibo na Ubishi wa Warushaji wa Kriketi

Wapagazi wa Kilimanjaro wameshabeba kila aina ya mzigo: mahema, mitungi ya gesi, viti vya kukunja, hata vyoo vya kuhamishika. Septemba 2014 mizigo iliyopanda ilikuwa na vifaa vya kriketi ndani yake: magongo bapa, mipira, vijiti vya wiketi na pichi ya bandia ya kutandika chini. Tarehe 26 ya mwezi huo pichi ikatandikwa ndani ya kreta ya Kibo, mita 5,730 juu ya usawa wa bahari, mita 165 tu chini ya kilele cha Uhuru, na mechi ikachezwa. Haikuwahi kuchezwa mechi ya kriketi mahali pa juu kiasi hicho. Rekodi ya awali ilikuwa ya Nepal, katika Himalaya, iliyowekwa mwaka 2009 kwenye mita 5,165.

Timu zilikuwa mbili. Gorillas waliongozwa na Ashley Giles, mrushaji wa zamani wa Uingereza, na Rhinos waliongozwa na Heather Knight, aliyekuwa bado anaichezea timu ya wanawake ya Uingereza. Pamoja nao walikuwepo Makhaya Ntini wa Afrika Kusini na Clare Connor, nahodha wa zamani wa wanawake wa Uingereza. Walipanda kuchangisha fedha za uhifadhi wa wanyamapori, utafiti wa saratani na ujenzi wa uwanja wa kriketi nchini Rwanda, na uwanja huo wa Gahanga, nje kidogo ya katikati ya Kigali, ukafunguliwa mwaka 2017. Kwenye kreta, wingu liliposhuka na kufunika kila kitu, mechi ilibidi ikatishwe. Gorillas wakahesabiwa washindi.

Habari hiyo ilipita haraka. Magazeti yaliandika juu ya rekodi na baridi, yakaachana nayo. Jambo ambalo halikusemwa sana ni kwamba watu hao wanne wote walijua kurusha mpira, na wawili kati yao, Giles na Ntini, walikuwa wamebishaniwa na mashabiki wa dunia nzima kwa miaka mingi. Ubishi wenyewe unastahili kusimuliwa, kwa sababu mtu akiuelewa anaielewa kriketi, na kwa sababu Afrika Mashariki ina sehemu yake ndani ya ubishi huo, kubwa kuliko watu wengi wanavyodhani.

Pale Moshi, chini ya mlima huo, ubishi wa michezo unajulikana: Simba na Yanga, nani kapewa penalti, kocha gani afukuzwe. Mechi ya soka huisha kwa dakika tisini na ubishi hudumu siku mbili tatu. Mashabiki wa kriketi wana muda mrefu zaidi. Mfululizo wa mechi za Testi, zile ndefu za siku tano, unaweza kuchukua mwezi na nusu, na kila jioni mchezo ukisimama, wanaofuatilia kwa televisheni au kwa simu wana usiku mzima wa kujadili kwa nini nahodha alimpa mpira fulani akamwacha fulani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuutazama mchezo huu kwa makini, mambo machache yanatosha. Mrushaji hukimbia, kisha huurusha mpira kwa mkono ulionyooka kuelekea vijiti vitatu vilivyosimama upande wa pili wa pichi yenye urefu wa mita 20 na kitu. Mpigaji hulinda vijiti kwa gongo lake na kutafuta mikimbio. Vijiti vikigongwa, au mpira aliopiga ukidakwa kabla ya kugusa ardhi, au akiuzuia kwa mguu mpira ambao ungeingia kwenye vijiti, anatoka nje, na hiyo ndiyo wiketi. Mipira sita ni ova moja. Ova ikiisha, mrushaji mwingine anaanza kutoka upande wa pili.

Katika Testi mechi ni ya siku tano, kwa kawaida ova 90 kila siku, na kila timu hupiga mara mbili. Hapo ndipo kiini cha ubishi kilipo. Ili timu ishinde, kwa kawaida lazima iwatoe wapinzani wote mara mbili, yaani ichukue wiketi 20. Timu inaweza kukusanya mikimbio 600 na bado ikatoka sare kwa sababu warushaji wake walimaliza siku ya tano wamechukua wiketi 18. Wapigaji hupendwa na kutungiwa sifa, ila anayeshinda Testi ni mrushaji. Kwa hiyo shabiki anayejua mchezo huanza na swali moja: nani atachukua hizo ishirini, na kwa mbinu gani?

Mbinu ya kwanza ni hewa. Mpira wa kriketi una uzito wa gramu kama 160, umefunikwa kwa ngozi, na katikati umezungukwa na mshono uliotokeza. Ukiwa mpya unang'aa pande zote. Wachezaji husugua upande mmoja kwenye suruali ili uendelee kung'aa, na upande wa pili wanauacha uchakae. Mpira ukirushwa mshono ukiwa umeelekezwa vizuri, hewa inayopita upande wa mkwaruzo hung'ang'ania ngozi muda mrefu kidogo kabla ya kuachana nayo, na mpira husukumwa kuelekea upande huo. Dereva wa lori ambaye matairi ya upande mmoja yameingia kwenye tope la njia ya Kibosho anajua gari linavyovutwa kuelekea kwenye tope. Mpira nao hupinda hivyo, na hupinda umeshaachiwa, mpigaji akiwa tayari ameamua pa kuweka gongo.

Mpira ukichakaa sana na ukarushwa kwa kasi kubwa, mambo hugeuka: unapinda kuelekea upande unaong'aa. Wapakistani ndio waliolifanya hilo kuwa silaha, kuanzia Sarfraz Nawaz na Imran Khan hadi Wasim Akram na Waqar Younis. Waingereza waliofungwa na mbinu hiyo miaka ya 1990 walilalamika kwamba mpira unaharibiwa kwa makusudi. Miaka michache baadaye warushaji wao wenyewe walikuwa wameijifunza, na malalamiko yakapungua.

Sasa mpandishe mrushaji wa namna hiyo mlimani. Dar es Salaam yuko usawa wa bahari, hewa nzito na yenye unyevu. Moshi mjini yuko chini kidogo ya mita 1,000, na tofauti ni ndogo. Nairobi amepita mita 1,600, na Johannesburg, kwenye uwanja wa Wanderers, amepita 1,700. Mashabiki wa Afrika Kusini wanajua kwamba mpira uliopigwa huko huenda mbali kuliko Durban iliyo kando ya bahari. Kwenye kreta ya Kibo shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani. Nguvu inayopindisha mpira hutoka kwenye hewa hiyo hiyo, kwa hiyo nayo hupungua kwa kiasi kikubwa. Mpira unanyooka. Unamfikia mpigaji ukiwa haujapoteza kasi sana njiani, na akiugonga vizuri unasafiri.

Halafu kuna mapafu. Mrushaji wa kasi hukimbia mita 20 au 30 kabla ya kila mpira, mara sita kwa ova, na kila pumzi ya Kibo inampa karibu nusu ya oksijeni aliyoizoea akiwa pwani. Ntini alijulikana kwa kutochoka. Alizaliwa mwaka 1977 katika kijiji cha Mdingi, Rasi ya Mashariki, akachunga ng'ombe utotoni, na mwaka 1998 akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kuichezea Afrika Kusini mechi ya Testi. Alicheza Testi 101, akachukua wiketi 390. Mwaka 2005 mjini Port of Spain aliwatoa wapigaji 13 wa West Indies katika mechi moja kwa mikimbio 132, na hakuna mrushaji wa Afrika Kusini aliyewahi kufanya vizuri zaidi ya hapo katika Testi. Hata hivyo kulikuwa na mashabiki waliombishia miaka yote. Alikuwa akiachia mpira kutoka pembeni kabisa ya mstari, ukija kwa mshazari kuelekea miguuni mwa mpigaji wa mkono wa kulia. Wakosoaji walisema hana kingine zaidi ya huo mshazari. Waliomtetea walijibu kwamba mshazari ndio mtego wenyewe: mpigaji akishazoea mipira inayomwingilia, ule mmoja unaonyooka humkuta gongo liko mahali pasipo. Wiketi 390 ni jibu tosha.

Ukitaka kupanga timu ya kucheza kwenye kreta, hesabu ya hewa na pumzi inakupeleka kwa warushaji wa spini. Hawa hutembea hatua chache tu, na silaha yao kubwa iko ardhini: mpira unazungushwa kwa vidole au kifundo cha mkono, ukitua unageuka. Hewa nyembamba inawanyang'anya ule ujanja wa mpira kuzama ghafla kabla ya kutua, lakini kugeuka hakuondoki. Giles alikuwa wa aina hiyo, mkono wa kushoto. Connor vilevile, mkono wa kushoto. Knight, ingawa zaidi ni mpigaji, naye amerusha spini, mkono wa kulia.

Giles ndiye aliyewafanya mashabiki washikane mashati. Desemba 2001 Uingereza ilikuwa India kwa mfululizo wa Testi tatu. Ya kwanza, mjini Mohali, India ilishinda kwa wiketi kumi. Ya pili, Ahmedabad, ilikuwa sare, na Sachin Tendulkar, mpigaji aliyeabudiwa na taifa zima, alipata mikimbio 103. Ya tatu ilikuwa Bangalore. Nahodha wa Uingereza, Nasser Hussain, alihitaji namna ya kumzuia mtu huyo, na namna aliyoichagua inajadiliwa mpaka leo.

Kwa desturi, mrushaji wa spini wa mkono wa kushoto humlenga mpigaji wa mkono wa kulia karibu na vijiti, mpira ukageuka kumkimbia, ukitafuta kugusa ncha ya gongo. Hussain alimwamuru Giles ahamie upande mwingine wa vijiti vya mwanzo wa kurusha, na kila mpira autue nje ya miguu ya Tendulkar, palepale ambapo ardhi ilikuwa imechimbwachimbwa na viatu. Walinzi wengi wakapangwa upande huo. Sheria inasema mpira uliotua nje ya kijiti cha upande wa miguu hauwezi kumtoa mpigaji kwa kosa la kuzuia kwa mguu, hata kama ungeingia moja kwa moja kwenye vijiti. Giles aliiacha nafasi hiyo kwa hiari. Alichopata badala yake ni kwamba Tendulkar hakuwa na pa kupiga. Akijaribu kupeleka mpira upande wa pili, uko nyuma ya miguu yake na gongo halina nafasi. Akipiga kuelekea miguuni, anapiga dhidi ya mzunguko wake, na walinzi wapo. Basi akawa anauzuia kwa miguu, mpira baada ya mpira, ova baada ya ova, mbele ya watu waliokuja kumwona akipiga.

Alifika 90. Akaishiwa subira, akatoka mbele kuufuata mpira mmoja wa Giles, akaukosa, na mlinda wiketi James Foster akavunja vijiti kabla hajarudi. Tendulkar alikuwa ameshacheza Testi kwa miaka 12, na ilikuwa mara ya kwanza kutolewa hivyo. Mvua iliharibu mechi, ikaisha sare, India ikachukua mfululizo kwa 1-0.

Kelele zilizofuata zilikuwa kubwa. Upande mmoja ulisema huo ni uoga, kwamba mrushaji kazi yake ni kushambulia vijiti, na kwamba watazamaji walioingia kwa fedha zao wamedhulumiwa. Walitaka waamuzi waione mipira hiyo kuwa haramu. Upande wa pili ulisema Giles hakuvunja sheria hata moja. Alikutana na mpigaji bora duniani kwenye ardhi ya kwao, akiwa hana kipaji cha kumtoa kwa njia ya kawaida, akatafuta njia ambayo kipaji chake kiliitosha. Na akamtoa.

Upande huo wa pili una haki. Testi ni mchezo wa siku tano kwa sababu subira ni sehemu ya kipaji. Mpigaji anayeweza kila kitu isipokuwa kusubiri ana tundu katika ngome yake, na mrushaji aliyeliona tundu hilo amefanya kazi yake. Kuna mbinu zilizovuka mpaka kweli. Waingereza hao hao walipoenda Australia mwaka 1932, nahodha Douglas Jardine alimwamuru Harold Larwood arushe kwa kasi kuelekea mwilini mwa wapigaji, ili kumdhibiti Don Bradman. Watu waliumia, serikali mbili zikaingia kwenye mvutano, na baadaye sheria zikabadilishwa ili walinzi wasirundikwe nyuma ya mpigaji upande wa miguu. Larwood alihatarisha mbavu na vichwa vya watu. Giles alihatarisha raha ya watazamaji, na hizo ni dhambi mbili tofauti kabisa.

Miaka minne baada ya Bangalore, Giles alikuwa tena kwenye vinywa vya watu, safari hii nyumbani, katika mfululizo wa Testi tano dhidi ya Australia mwaka 2005. Huo ndio mfululizo unaotajwa mara nyingi kuliko wowote mashabiki wanapojadili bahati. Australia ilishinda ya kwanza kwenye uwanja wa Lord's, na Glenn McGrath akachukua wiketi tisa. Asubuhi ya mechi ya pili, tarehe 4 Agosti, mjini Birmingham, McGrath alikuwa akijinyoosha na wenzake pembeni mwa uwanja. Akakanyaga mpira uliokuwa chini. Kifundo cha mguu kikajikunja, na akatolewa kwenye mechi kabla haijaanza. Muda mfupi baadaye nahodha wake, Ricky Ponting, alishinda kura ya sarafu, akachagua timu yake ianze kurusha, ingawa mrushaji wake bora alikuwa hawezi kucheza. Uingereza ikapata mikimbio 407 siku ile ile.

Mechi hiyo iliisha siku ya nne kwa Uingereza kushinda kwa mikimbio miwili. Miwili tu, baada ya mamia na mamia. McGrath alikosa pia mechi ya nne, mjini Nottingham, na Australia ikafungwa tena. Giles ndiye aliyepiga mikimbio ya ushindi, gongo mkononi, wenzake saba wakiwa wameshatolewa. Uingereza ikashinda mfululizo kwa 2-1. Shane Warne wa Australia alimaliza na wiketi 40 katika mechi tano na bado alikuwa upande ulioshindwa.

Je, ilikuwa bahati au mbinu? Mashabiki wa Australia hawajaacha kuutaja ule mpira wa Birmingham. Wa Uingereza wanasema walikuwa na warushaji wanne wa kasi, Steve Harmison, Matthew Hoggard, Andrew Flintoff na Simon Jones, na kwamba Jones na Flintoff waliupindisha mpira mkuukuu kwa namna ambayo Waaustralia hawakuwa na dawa yake. Wote wanasema kweli. Mpira uliokanyagwa ulifungua mlango, na Ponting angeweza kuufunga kwa kuamua kupiga kwanza. Kosa lake lilikuwa kupanga mbinu kana kwamba McGrath bado yupo.

Majira yale yale Connor naye aliwaongoza wanawake wa Uingereza kuifunga Australia katika mfululizo wa Testi, ushindi ambao Uingereza ilikuwa imeusubiri kwa miaka 42. Kwa hiyo kwenye jivu la Kibo walikutana warushaji wawili wa spini wa mkono wa kushoto waliokuwa na ushindi wa kiangazi kimoja.

Spini ya mkono wa kushoto ina historia yake na Afrika Mashariki, tamu na chungu. Kriketi iliingia Tanganyika na Waingereza, ikatunzwa zaidi na jamii za Waasia katika miji ya biashara, na mwaka 1951 timu ya Tanganyika ilicheza na Kenya. Kombe la Dunia la kwanza la wanaume lilipochezwa Uingereza mwaka 1975, timu moja ya Afrika Mashariki ilialikwa, ikiwa na wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. Praful Mehta na Shiraz Sumar walitoka Tanzania. Nahodha alikuwa Mkenya Harilal Shah.

Tarehe 11 Juni, mjini Leeds, walikutana na India, na India ilikuwa na Bishan Bedi, mkono wa kushoto, kilemba kichwani, mpira ukiruka juu na kushuka taratibu kama hauna haraka. Mechi zilikuwa za ova 60 kila upande, na kila mrushaji aliruhusiwa ova 12. Bedi alizirusha zote. Ova nane kati ya hizo hazikutoa mkimbio hata mmoja. Kwa jumla alitoa mikimbio sita, akachukua wiketi moja. Mipira 72, mikimbio sita. Afrika Mashariki ikatolewa kwa 120, India ikashinda kwa wiketi kumi bila kutoa jasho. Wapigaji wetu hawakuwa wazembe. Wengi walikuwa wafanyabiashara na waajiriwa waliocheza mwisho wa wiki, na hawakuwahi kukutana na mtu anayeweza kuutua mpira mahali pamoja mara 70 mfululizo huku akibadilisha kasi kidogo kila mara.

Tamu ilikuja mwaka 2003. Februari 24, kwenye uwanja wa Gymkhana jijini Nairobi, Collins Obuya wa Kenya, spini ya kifundo cha mkono, aliwatoa Wasri Lanka watano kwa mikimbio 24, na Kenya ikashinda kwa mikimbio 53 katika Kombe la Dunia. Kenya ikasonga. Machi 15, mjini Durban, ikakutana na Australia iliyokuwa haifungiki. Kenya ilipata 174, na Adam Gilchrist akaanza kuila mikimbio hiyo kwa pupa. Ndipo mpira akapewa Aasif Karim, spini ya mkono wa kushoto, mzaliwa wa Mombasa, umri miaka 39, aliyekuwa ameshastaafu na kuitwa tena. Alikuwa ameshaiwakilisha Kenya hata katika tenisi ya Kombe la Davis.

Karim alirusha polepole, juu, palepale. Ponting akatoka. Darren Lehmann akatoka. Brad Hogg akatoka. Watu waliozoea kurarua warushaji wa kasi duniani hawakujua la kufanya na mpira ambao ulikataa kuwafikia haraka. Ova 8 na mipira 2, ova 6 bila mkimbio, mikimbio 7, wiketi 3. Australia ilishinda kwa wiketi tano, kama ilivyotarajiwa, lakini tuzo ya mchezaji bora wa mechi alipewa mtu wa Mombasa. Ni mojawapo ya kazi bora kabisa za urushaji zilizowahi kufanywa na mtu wa ukanda huu, na vijana wa Afrika Mashariki wanapaswa kufundishwa jina lake.

Kenya ilifika nusu fainali mwaka ule. Wengi waliamini itapewa hadhi ya kucheza Testi. Haikupewa, na mwaka 2014, ule ule wa mechi ya Kibo, ilipoteza hata hadhi ya kucheza mechi za kimataifa za siku moja. Sababu zilikuwa nyingi: migogoro ya uongozi, fedha, wachezaji kuzeeka bila warithi. Moja inahusu ubishi huu moja kwa moja. Mrushaji wa aina ya Karim hatengenezwi na mechi fupi. Anatengenezwa na jua la mchana, mpira mkuukuu, mpigaji aliyegoma kutoka, na nahodha anayempa ova 20 mfululizo atafute jibu mwenyewe.

Siku hizi kriketi ya Tanzania inacheza zaidi mtindo wa ova 20, ambamo mrushaji mmoja hapewi zaidi ya ova nne, yaani mipira 24. Ni mchezo mzuri, unaingiza watu uwanjani, na vijana nao wamepata mafanikio: timu ya wavulana wa chini ya miaka 19 ilifuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la umri huo, la mwaka 2026 nchini Zimbabwe na Namibia, ambalo huchezwa kwa ova 50. Lakini kijana aliyekulia kwenye mipira 24 hujifunza kukwepa kipigo tu. Mtego ambao Giles alimtegea Tendulkar ulihitaji saa kadhaa, na Bedi alihitaji mipira 72 kuwafunga watu mikono.

Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda hazihitaji kungoja hadhi ya Testi ili vijana wao wacheze mechi ndefu. Viwanja vya Gymkhana vya Dar es Salaam na Nairobi vipo, Gahanga upo, na safari ya basi kutoka Nairobi hadi Moshi inamalizika ndani ya siku moja. Viongozi wa kriketi wa nchi hizi waweke kwenye ratiba mechi za siku tatu kwa vijana wa chini ya miaka 19, nyumbani na ugenini, kila mwaka, na kocha wa kila timu awe na ruhusa ya kumwacha mrushaji wake arushe mpaka achoke. Wazazi na walimu wa Moshi wenye watoto wanaopenda mchezo huu waanze kuwauliza viongozi hao mechi ya kwanza itachezwa lini.